Fidia ya Kutoitwa Bwana Mkubwa

Ilitangazwa redioni, baada ya wimbo wa Malkia, kwamba serikali mbili, ile inayoondoka na ile inayoingia, zitakutana Freetown kuwanusuru binadamu walio hatarini kuliko wote katika koloni: watumishi wa ng'ambo, yaani maofisa wa Kiingereza. Wananchi waliombwa wawe watulivu. Wakatulia.

Ujumbe wa ng'ambo uliongozwa na Bwana Aubrey Penrose, mtu mwenye huruma nyingi, hasa kwa nafsi yake. Tangu habari za uhuru zianze, alikuwa akiihesabu pensheni yake kila usiku. Hawa wakishika hazina, aliwaza, si wataifanya wali na kisamvu?

Ng'ambo ya meza alikaa Bibi Lavinia Beckley, mwanasheria wa serikali mpya, na glasi yake ya tangawizi.

Penrose akadai pensheni ilipwe London, kwa pauni, wala isikatwe kodi. Bibi Beckley akakubali. Penrose akadai na fidia ya jua kali. Akakubaliwa. Kisha ikaja hoja nzito: fidia ya kutoitwa tena "bwana mkubwa".

"Ilipwe kwa mwezi, au kwa kila salamu iliyokosekana?" Bibi Beckley aliuliza, uso mkavu.

"Kwa salamu," alisema Penrose. "Takwimu tunazo."

Ikaundwa kamati ndogo.

Ikabaki kufafanua mtumishi wa ng'ambo ni nani. Daktari Macfoy, mzaliwa wa Freetown aliyesomea Edinburgh, alikuwa ameomba naye ahesabiwe mtumishi wa ng'ambo, kwa kuwa huko ndiko alikozoea kula viazi visivyo na chumvi. Penrose akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Masomo si hoja! Na rangi tusiitaje, dunia inatusikiliza. Andikeni: mtumishi wa ng'ambo ni yule aliyezaliwa ng'ambo. Basi!"

Wakaandika, wakatia saini, London ikaidhinisha. Vinywaji vikaletwa. Penrose, kwa furaha iliyompanda kichwani, akamgeukia Bibi Beckley.

"Dada yangu, msituone wageni. Mimi nawajua kuliko mnavyojijua. Nimezaliwa papa hapa Freetown, mtaa wa Kissy, baba akihubiri kanisani!"

Msaidizi wake akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Bibi Beckley akaweka glasi chini taratibu.

"Hee! Kumbe wetu? Karibu nyumbani, kaka."

Hapo ndipo Penrose alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Akapiga simu London kueleza kwamba kifungu cha kuzaliwa ng'ambo kina kasoro. Wakubwa wa London, ambao kwa kawaida hujibu baada ya miezi, walimjibu palepale: kifungu ni kizuri mno, na tayari kimeiepusha London na pensheni moja.

Jumatatu mkutano ulifungua ajenda ya mwisho, watumishi wenyeji, ambao hakuna aliyewatengea chochote. Makarani waliotumwa kuwasemea wenzao walikaa wamenywea. Mara Penrose akaingia, akavipita viti vya ujumbe wake bila kuwatazama wenziwe, akaja kusimama nyuma ya makarani.

"Sogeeni jamani," alisema Bibi Beckley. "Mpisheni ndugu yenu."

Penrose akajibana katikati yao, akagonga meza mpaka wino ukamwagika.

"Sisi wenyeji," alinguruma, "tumenyonywa vya kutosha!"