Sakafu Inayopanda

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepata miwani. Siku mbaya kabisa!

Daktari wa macho alinieleza kwa upole. Macho hayaumwi, ila yana umbo lao: upande wa mbele wa jicho ulipaswa kuwa mviringo kama chungwa, wangu umejivuta kama yai. Ndiyo maana mistari yangu inapanda. (Wiki iliyopita jina la mtoto mchanga lilipanda likaingia kwenye mstari wa marehemu.) Akasema nivae kutwa, nisivuevue. Siku chache sakafu itaonekana imeinama, kisha nitazoea.

Sasa balaa. Asubuhi hii hii Mama Ravaoarisoa, mkuu wetu wa usajili, ametangaza harusi ya Jumamosi. Ukoo mkubwa, wazee arobaini. Fidimanana, karani mwenzangu, ataandika majina ya mashahidi wa upande wa bwana harusi, mimi upande wa bibi harusi. Atakayefanya vizuri, meza ya ndoa ni yake moja kwa moja. Mwingine anashuka kwenye chumba cha majalada ya zamani, chini ya ngazi, akaishi na panya. Fidimanana akaniuliza kama naogopa panya. Nikasema siogopi.

Naogopa sana.

Uamuzi: nitaificha miwani. Nani ampe daftari karani asiyeona? Nitaivaa mchana tu, chooni. (Naandika haya kwa penseli, nikikosea nifute.)

Jumanne, 15 Oktoba

Choo hakifai. Ukuta ulinijia usoni.

Lakini bahati! Mama Ravaoarisoa aliitwa kikaoni, Fidimanana akatoka kununua vitumbua. Nikavaa miwani ofisini. Maajabu! Meza ya Mama imeinama kushoto. Miaka yote hii, na hakuna aliyeona! Mfanyakazi mwema hangojei kuagizwa. Nikakata boksi la miwani nusu, nikalikunja mara tatu, nikalisokomeza chini ya mguu wa meza. Ikanyooka kabisa.

Nilipovua miwani, meza ikaonekana imeinama kulia. Nikajua ni macho yangu mabovu.

Jumatano, 16 Oktoba

Kalamu ya Mama ilibiringika ikaanguka. Akaiokota. Ikabiringika tena. Kisha kikombe chake cha maji ya ukoko wa wali kikaanza kuteleza, taratibu, kama chenye safari zake, kikajimwaga juu ya vyeti vya vifo.

Akaitwa seremala na pimamaji yake. Akasema sakafu ni sawa, meza ni sawa, tatizo ni hili hapa. Akachomoa boksi. Fidimanana akalikunjua na kusoma kwa sauti ya mhubiri: jina la duka la miwani, kisha jina langu, Hajaina Andrianjafimanantsoa. Hakuruka hata herufi moja.

Halafu Mama akauliza: "Kwa hiyo miwani unayo, mwanangu, ila anayevaa ni meza yangu?"

Amri: nivae kutwa. Akinikuta bila miwani, chumba cha majalada. Fidimanana sasa ananiita Fundi. "Fundi, nami nimepinda mgongo, huna kaboksi?"

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimevaa. Kichwa kinauma. Ngazi za kwenda nyumbani ni mia moja na sita, na leo kila moja ilikuwa na urefu wake. Nilinyanyua miguu kama jogoo kwenye matope. Bibi Razafy, mwenye nyumba wangu, akaniuliza nimeanza lini kunywa mchana. Nikamwambia ni miwani. Akasema marehemu mumewe naye alikuwa akisema ni jua.

Ila nimegundua jambo! Nikiinama sana, mkono wa kulia mbele, vidole karibu na ardhi, siyumbi hata kidogo.

Lakini nani anaruhusiwa kutembea hivyo?

Ijumaa, 18 Oktoba

Kila mtu! Sote tumefundishwa tangu utotoni: ukipita mbele ya wakubwa unainama, mkono wa kulia umeshuka mbele, unaomba radhi. Na kesho kuna wakubwa arobaini! Nimekuwa mjinga wiki nzima.

Nimefanya mazoezi kwenye ujia. Mama Ravaoarisoa akauliza nimeangusha nini.

Jambo dogo: jina la mtoto niliyemsajili leo limekaa juu ya mstari, limenyooka kama uzi. Nadhani ni hili daftari jipya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimerudi sasa hivi, hata tai sijavua.

Wazee walikaa kwenye mabenchi pande mbili, toka mlangoni hadi mezani. Fidimanana akatangulia, akainama kidogo, kama mtu anayetazama viatu vyake. Akaandika, akabaki amesimama mezani. Zamu yangu. Sakafu ikanyanyuka mbele yangu kama kilima! Nikainama mpaka tai ikafagia vumbi. Nikamwomba radhi kila mzee, mmoja mmoja. Wazee arobaini, na nguzo mbili.

Msemaji wa upande wa bibi harusi akakatisha hotuba. Akauliza kijana huyu ni wa nani. "Kumbe bado wapo waliolelewa!" Wazee wakaitikia kwa vichwa. Fidimanana akaona. Wakati wa kurudi akajaribu kuinama kuliko mimi, bila mazoezi, akaishia mapajani mwa nyanya yake bwana harusi. Nyanya akamwambia amechelewa, yeye alishaolewa.

Niliandika majina kumi na moja. Yote yamenyooka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Meza ya ndoa ni yangu! Yangu!

Mama Ravaoarisoa alifungua daftari, akaweka rula chini ya majina yangu, akanionyesha mwenyewe. Akasema amenichagua kwa mistari hii, wala si kwa kingine. Nisivue miwani. Na siku nyingine nisiombe radhi nguzo, ndoa ilichelewa nusu saa.

Nilielewa papo hapo. Alisema hivyo ili Fidimanana asiumie. Ni wazi kabisa kwamba ni kule kuinama.

Fidimanana akachukua ufunguo wa majalada. Nikamwahidi nitamtembelea. Akauliza: "Utakuja wima, Fundi, au utakuja umeinama?" Tukacheka wote. Si mtu mbaya.

Jumanne, 22 Oktoba

Msiba!

Nimeamka, sakafu imelala. Tambarare! Ngazi mia moja na sita, zote saizi moja. Kutoka juu nimeyaona maua ya mijakaranda kule ziwani, sasa ua moja moja, si lile wingu la zambarau nililolizoea maisha yangu yote. Nilisimama nikitazama mpaka vitumbua nilivyonunua vikapoa. Uzuri ulioje!

Kisha nikakumbuka. Jumamosi kuna harusi nyingine. Wazee sitini. Nitainamaje sawasawa kama sakafu imetulia? Watasema yule kijana aliyelelewa kaenda wapi? Na panya wananingoja.

Nimefikiri kwa makini. Nimeukunja mkono wa kushoto wa miwani, kidogo tu, kwenye ukingo wa dirisha. Nimeivaa. Afadhali! Sakafu inapanda vizuri sana. Mstari huu nao unapanda, lakini ni penseli, nani atauona?

Ila nimegundua jambo. Hii meza yangu mpya imeinama kushoto.

Bahati nzuri, nusu ya boksi ninayo.