Simba Juu ya Kifuniko cha Supu

Ijumaa, 9 Juni
Leo nimetangaza dukani kwa Philomène, mwoka mikate, foleni nzima ikisikia: mwaka huu dirisha lake ni langu! Kila kumbukumbu ya vita vya Waterloo, dirishani hukaa mfano mdogo wa uwanja wa vita, kazi ya Ghislain, mwalimu mstaafu. Askari wa bati, vijumba, kila kitu kimenyooka kama daftari lake. Basi! Nimeapa: nisipoingia dirishani, nanyoa masharubu. Masharubu haya nilitoka nayo jeshini. Ghislain kasema wembe ataleta yeye. Mwalimu mzima, wivu mtupu.

Jumapili, 11 Juni
Nimeanza kazi juu ya mlango wa zamani wa banda la kuku. Mashamba: unga wa mbao niliopaka rangi ya kijani. Nyumba: maboksi ya jibini. Wafaransa tayari. Waingereza tayari. Waprusi niliowaagiza bado wako posta. Shida ni Kilima cha Simba, kile kinachoonekana dirishani kwetu jikoni, na simba wa chuma kileleni. Nimejaribu udongo, ukapasuka. Nimejaribu viazi vya kuponda, kuku wakakila kilima chote. Kisha kabatini nikaona kifuniko cha bakuli la supu la mke wangu, Odile. Kimebinuka vizuri, na kishikio chake ni simba! Simba kabisa, mguu juu! Gundi ya seremala. Sasa hakitoki hata kwa patasi. Akili hizi sikupewa na mwalimu yeyote.

Jumanne, 13 Juni
Odile katafuta kifuniko tangu asubuhi. Nimemsaidia kwa moyo mmoja, hadi chini ya kitanda. Kaniuliza mbona masharubu yangu yana kijani. Nimesema uzee.

Alhamisi, 15 Juni
Ghislain kaja kupeleleza, eti anaazima ngazi. Kaitazama kazi yangu. Kacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee mwenzangu, hicho kilima umekitoa wapi?" Anadai siku ya vita hakikuwepo! Eti kilirundikwa miaka baadaye, kuwa ukumbusho, kwa udongo wa uwanja wenyewe. Nikamwambia kilima hicho nakiona tangu nanyonya, na babu yangu alikiona, na hakuna aliyewahi kuniambia ni mgeni hapa. Akauliza Waprusi wako wapi. Nikasema posta. Hata siku ile walichelewa, mwalimu hujui?

Kumbe Odile yuko mlangoni. Kamwona simba. "Wewe mzee! Kifuniko cha marehemu mama!" Mengine siandiki. Kasema nikibandue, Ghislain aridhike na yeye apate kifuniko chake. Hakibanduki! Na hata kingebanduka, bila kilima Waterloo ni shamba la viazi tu.

Jumamosi, 17 Juni
Philomène kakagua kazi zote mbili. Kwa Ghislain kaitikia kwa kichwa, basi. Kwangu kakohoa sana, kajifuta machozi kwa aproni. Kaguswa. Jioni Odile kaweka sabuni na wembe kando ya kahawa yangu. Mwanamke hana imani.

Jumapili, 18 Juni
USHINDI! Kazi ya Ghislain imepelekwa ofisi ya meya, imefungwa utepe wa dhahabu, iko huko ndani. Nani ataiona? Yangu iko dirishani! Watoto wamebandika pua kwenye kioo. Philomène kaweka kadi kubwa mbele yake. Nimeisoma herufi moja moja: TAFUTA KOSA, UPATE KEKI. Watafute mpaka kesho! Nimesimama kando, mikono nyuma, masharubu yamepakwa mafuta. Kila anayefika anamnyooshea simba kidole, anacheka kwa furaha, anaingia ndani, anatoka na keki. Kosa hawalioni, wanabaki kumshangaa simba. Philomène ana moyo mzuri, anawapa keki hivyo hivyo.

Ghislain kaninong'oneza kwamba masharubu yangu yameokolewa na kilima. Leo ndiyo mara ya kwanza mwalimu yule kusema kweli.

Nyumbani Odile kafunika supu kwa sahani.

Jumatatu, 19 Juni
Waprusi wamefika. Wakae. Mwakani naongeza ngazi za kupandia kilimani, kibanda cha tiketi na basi la watalii. Vyote nimeviona kwa macho yangu, Ghislain asiniambie kitu. Kinachokosekana ni kitu cha kutengenezea basi. Odile ana kisanduku kizuri cha kushonea.