Vitambaa Kumi na Tisa vya Maabara ya Gidalaqwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu hakufika na hivyo nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe, Ndugu Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini mliotuombea mvua isinyeshe, ila upepo mkasahau kuutaja, Mkuu wa Shule Mwalimu Hermani, Mwalimu Yusta wa somo la kompyuta, nesi wetu wa zahanati Sista Doris, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), kina mama, kina baba, vijana wa kijiji cha Daudi mliokuja na trekta, ndugu zangu wa Yaeda Chini mliotembea tangu jana kuja kuona kompyuta, watahiniwa kumi na tisa wa kidato cha nne mlioketi hapo sakafuni, mabibi na mabwana: itifaki naomba ijihesabu kuwa imezingatiwa. (Makofi.)

Salamu yenu ya Kiiraqw nilifundishwa na dereva wangu Idd tukiwa njiani, lakini ilinitoka pale kwenye daraja bovu, kwa hiyo ipokeeni kwa Kiswahili. Hamjambo? (Hatujambo!) Sijasikia vizuri. Hamjambo? (Hatujambo!) Hiyo sasa ndiyo sauti ya wananchi walio tayari kwa mageuzi.

Kwa majina naitwa Mhandisi Reginald, Mratibu Mwandamizi wa Uharakishaji wa Mageuzi ya Kidijitali Ngazi ya Vijiji. Nimesoma, nimesafiri, nimehudhuria warsha ishirini na saba, na katika warsha zote hizo hakuna hata moja niliyotoka bila cheti na chupa ya maji. (Kicheko.) Msicheke, ndugu zangu, utaalamu ni safari ndefu.

Kabla sijaingia kwenye maudhui, niwapongeze kwa nidhamu ya viatu. Nimefika mlangoni nimekuta ndala, raba, gambuti na makatambuga yamepangwa mstari mmoja, na mimi nikavua vya kwangu bila kuambiwa, maana utafiti unaonyesha kwamba asilimia sabini na moja ya virusi vya kompyuta huingia maabara kwa njia ya viatu. (Minong'ono.) Ndiyo, mama, kwa viatu. Na wale wanaoangalia kidole changu kinachochungulia kwenye soksi, niwaambie soksi hii ni ya mfumo wa kupitisha hewa. Namshukuru Mama Gaudensia aliyejitolea kukaa pale mlangoni kuvilinda viatu vyetu.

Ndugu wananchi, chumba hiki mlimoketi kilikuwa ghala lenu la mahindi. Mkaambiwa toeni, mkatoa. Mkaambiwa lipuliziwe rangi, mkalipaka chokaa kwa mikono. Mahindi yenu mkayapeleka nyumbani, ambako nimesikia panya wamefurahi sana. Na kina mama, chini ya huyu huyu Mama Gaudensia, mkafuma vitambaa kumi na tisa vya kufunikia kompyuta kumi na tisa, vyeupe, vyenye maua pembeni, misimu miwili ya mvua mkifuma, hata kabla hamjajua kompyuta ina upana gani. Huo ndio uzalendo! Leo mnaviona juu ya maboksi kumi na tisa, juu ya meza kumi na tisa. Nani kama sisi? (Makofi marefu kutoka kwa kina mama.)

Sasa niruhusuni niongee kama mpenzi wa teknolojia, maana watu wengi wananijua kama kiongozi lakini hawajui kwamba usiku na mchana mimi ni mtu wa vifaa. Natembea na simu tatu. Moja ya kupiga, moja ya kupigiwa, na moja ya kuweka mezani kwenye vikao. Mkiniuliza simu nzuri ni ipi, nitawajibu: yenye kamera nyingi nyuma, hata kama hupigi picha, kwa sababu anayekutana nawe ataziona. Mkiniuliza kibodi nzuri ni ipi, nitawajibu ni ile yenye kelele, bosi aliye chumba cha pili ajue unachapa kazi. Kuna vijana wanabishana mitandaoni, oh, RAM ngapi, oh, prosesa gani. Acheni ubishi! Kompyuta nzuri ni ile yenye begi zuri.

Kama hii hapa. (Anainua laptopu anayosomea hotuba. Watahiniwa wote wanasimama kuiona.) Kaeni, kaeni, itaonekana tu. Hii ni laptopu yangu binafsi. Ina RAM thelathini na mbili, taa chini ya kibodi, na ina lugha zote za programu, niliwekewa na fundi Arusha. Sijazifungua hata moja, lakini zimo. Mtazamo wangu kuhusu programu ni kwamba watu wanaandika ndefu mno. Programu nzuri iwe fupi, kama sala ya kabla ya kula.

Naona mkono. Mwalimu Yusta, ungesubiri kipindi cha maswali, ambacho kwa ufinyu wa muda hakipo, lakini haya, sema. (Mwalimu Yusta anasema mtihani wa vitendo wa kompyuta ni Jumatatu, leo ni Alhamisi, na kati ya watahiniwa kumi na tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa kompyuta, kwa miaka miwili wamejifunzia kuchapa kwenye vipande vya boksi vilivyochorwa herufi. Anasema asiyefanya karatasi ya vitendo anaandikiwa sifuri.)

Mwalimu, nakupongeza kwa ubunifu. Kibodi ya boksi! Haihitaji umeme, haiingiwi na virusi, ikimwagikiwa chai unachora nyingine. Wenzetu wa nje wanatumia mabilioni kutafuta kifaa rafiki kwa mazingira, kumbe kiko Gidalaqwe. Kuhusu Jumatatu, niseme kwamba kwa mujibu wa fremuweki ya implimentesheni, utayari wa maabara hii umefikia asilimia mia moja na kumi na nne, ikiwa ni juu ya lengo. (Makofi ya Mtendaji peke yake.)

Mnauliza mbona hakuna waya wa umeme. Ndugu zangu, dunia imetoka kwenye waya! Hii ni maabara isiyotumia waya. Mnauliza mbona hakuna taa. Vijana wa kisasa wote wanaweka simu zao kioo cheusi ili kulinda macho, na sisi tumeona tusiishie kwenye kioo, tufanye chumba kizima. Mnauliza mbona madirisha hayana vioo...

(Upepo unaingia dirishani. Kitambaa kimoja kinaruka, na boksi lililokuwa chini yake linaruka nacho, linapita juu ya vichwa vya watahiniwa na kutua mapajani mwa Mzee Nikolausi, aliyeketi na wazee wenzake. Mzee analinyanyua kwa kidole kimoja. Minong'ono mikubwa.)

Tulieni! Tulieni, mzee wangu, shikamoo tena. Mnashangaa nini? Mlitaka kompyuta nzito kama zile za zamani, za kubebwa na punda? Teknolojia inaelekea kwenye wepesi. Mwaka huu ni nyepesi, mwaka kesho hamtazihisi kabisa. Idd, mrudishie mzee... hapana, mchukulie mzee lile boksi. Weka jiwe juu. Yote, Idd, yawekee mawe.

Naona binti amesimama. Jina lako? (Anasema ni Hilaria Sulle, binti wa Mama Gaudensia.) Haya, Hilaria. (Anasema shikamoo. Anasema tangu kidato cha pili ameandika programu kwenye daftari, kurasa sitini na nne zimejaa. Mtu akiweka siku mtoto aliyozaliwa, programu inataja tarehe zake zote za chanjo, kwa sababu Sista Doris anazihesabu kwa vidole na kalenda ya ukutani, na mwaka jana watoto wa bondeni walipitwa na chanjo ya surua. Anasema hajawahi kuiona ikifanya kazi. Anaomba afunguliwe boksi moja tu, ajaribu.)

Umesikia, Mtendaji? Kurasa sitini na nne! Na mimi nimetoka kusema hapa kuhusu ufupi. Binti yangu, nakupongeza, lakini kifaa cha kielektroniki kikishatoka mjini hakifunguliwi hivi hivi. Kinatakiwa kwanza kizoee hali ya hewa. Baridi ya hapa si ya mchezo, ukikifungua ghafla kinapata mshtuko na warantii inakufa. Kaa chini, mwanangu. (Hilaria anakaa. Mama yake, pale mlangoni, anasimama.)

Ndugu wananchi, muda si rafiki. Nikisema "Gidalaqwe!" mseme "Dijitali!" Gidalaqwe! (Dijitali.) Gidalaqwe! (Di... Mtoto mmoja anamalizia.) Kompyuta kwa kila mtahiniwa! (Watahiniwa wanatazama maboksi.) Maendeleo hayana...! (Mtu anauliza kwa sauti, "Hayana nini?") Hayana mwisho, mzee wangu. Nilitaka mmalizie ninyi.

Kwa kuhitimisha, mnyima shukrani ni mwizi, na mimi si mwizi. Namshukuru mwenye duka la mabati kule Katesh kwa kutuazima maboksi haya kumi na tisa, ambayo ameomba yarudi leo kabla ya jioni kwa kuwa kesho anafungashia vitunguu swaumu. Nawashukuru kina mama kwa vitambaa, ambavyo ninavichukua kwa muda kwa ajili ya uzinduzi wa Jumamosi wa maabara kama hii katika kata nyingine, maana wenzenu wa huko hawajui kufuma. Nawashukuru wataalamu wa ofisi yangu walioandaa ripoti ya kukamilika kwa mradi huu, niliyoisaini wiki iliyopita ili kwenda na wakati. Na mwisho naushukuru mradi wenyewe, ambao pindi utakapobuniwa, ukaombewa fedha na kupitishwa, utakuwa mkombozi wa kata hii. Lile daftari la binti naomba nilichukue, liende kwenye maonyesho kama softiweya iliyobuniwa na kitengo changu. Asanteni kwa kunisikiliza!

(Hilaria ameweka daftari chini na kulikalia.)

Idd, pakia maboksi. Idd? Kwa nini umekaa? (Idd anasema hana viatu.) Mama Gaudensia, tupe viatu, mama. (Mama Gaudensia ameziba mlango. Viatu vya Mhandisi viko kwapani mwake. Anasema, "Mheshimiwa, shikamoo. Hayo maboksi beba. Ila mwanangu akae dakika tano kwenye hicho unachosomea.")

Mama, hii ni kompyuta ya ofisi. Yaani ya binafsi. Yaani ina hotuba zangu zote. Mtendaji, ongea na mwananchi wako. (Mtendaji anaangalia dari.) Mwalimu Hermani? (Mkuu wa Shule anasema sakafu ni ya baridi sana kwa mtu mwenye soksi moja nzima.) Jamani, ndiyo heshima gani hii! Haya. Haya, dakika tano. Na betri yenyewe imebaki asilimia kumi na moja. Binti, usinichafulie kioo.

(Hilaria anafungua daftari ukurasa wa kwanza. Mwalimu Yusta anamwonyesha pa kuanzia. Anachapa. Haangalii kibodi.)

Mbona haangalii? Nani kamfundisha? Ah, ile kibodi ya boksi. Mwambieni basi aruke kurasa nyingine. (Dakika tano zinapita, zinapita nyingine ishirini, Mwalimu Yusta akimsomea mistari ile ya lazima tu.) Asilimia sita. Nasema tu, asilimia sita. Watu wa Yaeda Chini, msinisukume, na mimi nataka kuona. Asilimia nne. Imeandika nini hiyo nyekundu? Kosa? Si niliwaambia, ndefu mno! (Hilaria anafuta alama moja, anaweka nyingine. Sista Doris anataja siku aliyozaliwa mjukuu wa Mzee Nikolausi. Kwenye kioo zinatokea tarehe, moja chini ya nyingine. Sista Doris anazilinganisha na kadi. Anasema, "Ya surua ni Jumanne ijayo, mzee, mlete mtoto." Ukumbi mzima unapiga kelele, kina mama wanapiga vigelegele.)

Basi, naona mageuzi yameonekana, na iingie kwenye kumbukumbu kwamba yametokea chini ya usimamizi wangu. Sasa naomba changu tuondoke, barabara ni mbaya. (Mwalimu Yusta anasema sola ya zahanati inatosha kuichaji, watahiniwa watapokezana zamu kwa zamu mpaka Jumatatu. Mama Gaudensia anachukua kitambaa kutoka juu ya boksi tupu, anakikung'uta vumbi, anaifunika nacho laptopu, anakinyoosha pembe zote nne.)

Mama, hiyo ni yangu.

(Mama Gaudensia anamwekea viatu vyake miguuni, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto.)