Heshima za Vita za Batalioni ya Korongo

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Nasaba inatangaza kwamba Batalioni ya Korongo, hapa Eldoret, mwaka huu wa 2016 imetimiza miaka mia moja. Iliundwa mwaka 1979, lakini Kamati imeitafutia babu, kwa utaratibu uleule wa kuasili mtoto: kikosi kilichopigana mwaka 1916 kikafa bila kuacha kizazi. Karatasi zote zimepigwa muhuri. Babu hakupinga.

Mimi ni karani wa Kamati. Nina digrii ya historia, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa nikinakili heshima za vita, yaani majina ya mapigano yanayoshonwa kwenye bendera, ambayo ningeyasoma Jumamosi mbele ya wageni. Mama mmoja nisiyemjua akaingia bila miadi, akaketi kwenye kiti cha Kanali.

"Mama, hicho ni cha mwenyekiti."

"Kwani kinauma? Mimi ni Adoyo, wa Munyaka. Bwanangu alikuwa Koplo Lazarus, wa hapa kwenu. Januari 2008, kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, alisimama na askari wanane kwenye geti la shule, siku tatu. Ndani tulikuwa watu mia nne, kila kabila. Hakuna aliyeguswa. Yeye mwenyewe sukari ilimchukua mwaka jana. Nataka jina lake lisomwe, watoto wake wasikie."

Nilimwahidi kabla hajamaliza.

Kanali, mwenyekiti wetu, alisikiliza kwa makini.

"Walifyatua risasi ngapi?"

"Hata moja, Afande."

"Basi hayo si mapigano. Kifungu cha Saba: pasipo risasi, hakuna heshima. Huyo alisimama tu. Hata mlingoti husimama."

"Lakini watu mia nne waliokoka, Afande."

"Ndiyo shida yenyewe. Hakuna majeruhi! Kipyego, ukilisoma jina hilo, utafute kazi kwingine."

Kanuni ni kanuni. Nilifungua daftari la silaha la mwezi ule, nikatafuta risasi kwa moyo mweupe. Nilipata moja.

Jumamosi nilisimama mbele ya Jenerali, mgeni wetu rasmi, nikasoma: "Vita vya Kaptagat, Januari 2008. Risasi moja, iliyofyatuliwa na Kanali wetu, wakati huo akiwa meja, baada ya kusikia adui akipumua nyuma ya kichaka. Adui: ng'ombe wa maziwa, mali ya Mama Jepkemboi. Kwa mujibu wa Kifungu cha Saba, haya ndiyo mapigano pekee ya Batalioni katika machafuko yale."

Jenerali alipiga saluti kabla hajaelewa. Kanali akalazimika kumrudishia.

"Na sasa," nikaendelea, "wale ambao hawakupigana." Nikasoma jina la Koplo Lazarus, kisha wenzake wanane, mmoja mmoja.

"Soma tena, kijana!" Mama Adoyo akaita kutoka nyuma. "Huyu mwanawe mdogo alikuwa anapiga chafya, hakusikia!"

Kanali alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kunifuta kazi, nyuma ya karatasi ya ratiba.

Nilisoma tena.