Kaimu Bwana Harusi

Kwa furaha isiyo na kifani, Chama cha Wenye Kumbi za Harusi cha mji wetu wa Chiayi kilitangaza kwamba kila atakayefunga ndoa, awe nani na ampende nani, atapokelewa kwa tabasamu. Sheria ya nchi ilikuwa imeshawaruhusu wanawake wawili au wanaume wawili kuoana miaka kadhaa nyuma, lakini chama chetu hakikurupuki. Kwanza tuliunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Bwana Weng Kun-lin, ambaye ukumbi wake hauna mpinzani mjini. Katibu nilikuwa mimi, na najivunia.

Kamati iligundua tatizo zito. Ukumbi wa Bwana Weng una milango miwili, wa bwana harusi na wa bibi harusi. Wakija mabibi harusi wawili, mlango mmoja utakaa bure! Tulijadili, tukala keki za nanasi, tukajadili tena. Mwishowe Mwenyekiti akapata ufumbuzi: mmoja wao atateuliwa Kaimu Bwana Harusi. Wakiwa wanaume, mmoja atakuwa Kaimu Bibi Harusi. Tulisimama tukapiga makofi.

Wa kwanza kunufaika walikuwa Lo Hsin-mei, daktari wa mifugo, na mchumba wake Tu Yun-chen, fundi pikipiki. Walikuja kufanya mazoezi ya harusi yao mbele ya kamati nzima na ofisa mmoja wa manispaa, mama asiyecheka ovyo. Nyuma kabisa alikaa baba yake Yun-chen, Mzee Tu, mpishi wa karamu. Tangu binti yake amwambie habari za harusi, mzee hakuwa ametia neno. Siku hiyo alidai amekuja kukagua jiko tu. Yun-chen alikuwa akigeuka kumtazama kila mara.

Mwenyekiti alimkagua Yun-chen kuanzia kichwani.

"Nywele fupi. Grisi kwenye kucha. Wewe ndiye kaimu. Suti hii hapa, mlango wako ule pale."

"Lakini Bwana Mwenyekiti, mimi nimeshashona gauni."

"Kaimu havai gauni."

"Nitakaimu mpaka lini? Au nikithibitishwa kazini napata na pensheni?"

Hsin-mei aliangua kicheko. Mwenyekiti akaeleza kwa upole kwamba mambo haya yana vigezo. Bwana harusi ndiye mwenye kauli ya mwisho nyumbani, ndiye mtafutaji, na gari likizimika njiani ndiye anayeshuka kusukuma.

Hapo Mzee Tu akasimama.

"We Weng! Mimi nilizaa binti. Sikuzaa kaimu."

"Mzee wangu, huu ni utaratibu tu—"

"Utaratibu kautie kwenye supu! Nimepika karamu mji huu tangu wewe unavaa kaptula. Sijasikia mgeni akiuliza bibi harusi kapita mlango gani. Wanauliza samaki analetwa saa ngapi." Kisha akamgeukia binti yake, sauti ikashuka. "Hilo gauni liko wapi? Hebu nilione."

Yun-chen alihangaika na zipu ya begi, yeye anayefungua injini kwa dakika chache. Mzee alilishika gauni kwenye mshono, akalitazama sana. "Zuri," alisema. "Litakukaa vizuri." Hsin-mei alikuwa hacheki tena. Alikuwa anafuta macho.

Kamati ingeweza kuishia hapo kwa heshima. Lakini Bi. Hung, mke wa Mwenyekiti, akatoka ofisini.

"Hebu rudia hivyo vigezo, mume wangu. Mwenye kauli ya mwisho, eti? Nani aliamua tujenge ukumbi huu?"

"Wewe, mke wangu."

"Na wateja wanatafutwa na nani?"

"Na wewe."

"Na juzi gari lilipozimika kwenye mvua, nani alisukuma, na nani alibaki ndani akinipungia mkono?"

Mwenyekiti alikagua dari.

"Kwa hiyo," aliuliza ofisa wa manispaa, bila kutabasamu, "kwa kanuni yenu, Kaimu Bibi Harusi ni Bwana Mwenyekiti?"

Kama katibu, sikuwa na budi kuthibitisha. Kanuni zetu hazibagui. Bwana Weng akapitishwa mlango wa bibi harusi, shela kichwani, Mzee Tu akimshikilia pindo.

Harusi yenyewe ilifana. Mabibi harusi waliingia pamoja, wamevaa magauni, wameshikana mikono, kwa mlango wa jikoni, maana ndiko mzee alikotaka kuwatoa. Wageni waliuliza habari za samaki.

Siku hizi kamati inaongozwa na Bi. Hung. Bwana Weng ameomba mara nyingi kanuni ile ifutwe, maana watu wanamwita kaimu hadi sokoni. Tumemjibu, kwa heshima zote, kwamba ombi lake linashughulikiwa.