Hewa ya Ng'ombe Kwenye Shimo la Kovászna

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye ngazi za shimo letu la tiba pale mjini Kovászna, vichwa juu, miguu ndani ya hewa ukaa inayotoka ardhini. Dénes, tunayemwita Kiberiti kwa sababu ndiye anayepima gesi, akawasha njiti na kuishusha taratibu, maana hewa hiyo huzima moto inapoanzia. Zamani ilizimika kiunoni mwa aliyesimama chini kabisa. Safari hii ilizimikia kwenye kifundo cha mguu.

"Basi tena," akasema. Miguu yake imevimba miaka thelathini na dawa yake ni shimo hili tu. "Hewa inakwisha, mwisho wa mwezi halmashauri inafunga shimo."

Ambrus, yaani Profesa, aliyesimama kidato cha chini kabisa, akafunua gazeti. "Sikieni. Mtambo wa gesi ya samadi bondeni umefungiwa utando wa plastiki wa kuchuja. Chini tabaka gumu lenye vitundu, juu ngozi nyembamba kuliko hoja za Kiberiti. Hewa ukaa inapenya haraka, gesi ya kupikia inabaki nyuma."

"Hiyo inayopenya inaenda wapi?" akauliza Kiberiti.

"Wanaimwaga."

"Wanaimwaga! Sisi tunalia njaa, wenzetu wanamwaga mchuzi!"

Boriska, msimamizi wa shimo, akachungulia kutoka juu. "Hawamwagi tena. Nimeomba bomba la kutuletea hapa, limefika leo."

Kiberiti akaruka. "Mimi, mtu mzima, nikae kwenye mashuzi ya ng'ombe?"

"Yamechujwa, mzee wangu. Hayanuki."

"Shuzi hata ulivalishe suti ni shuzi! Hii yetu imetoka kwa Mungu."

"Na ng'ombe kaumbwa na nani?" Profesa akadakia. "Halmashauri?"

Tukacheka mpaka tukakohoa. Kiberiti hakucheka. Alikuwa anajipapasa magoti, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Boriska akafungua koki. Tukasubiri wima, maana humu anayeinama hainuki. Kiberiti akawasha njiti nyingine, akaishusha. Ikazimika kiunoni mwa Profesa.

Kiberiti akaitazama ile njiti, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Samadi yenyewe ya nani?"

"Ya zizi lako, mzee," akajibu Boriska. "Mwanao ndiye anayewapelekea."

Kiberiti akashika mkongojo, akashuka kidato kimoja kimoja mpaka chini, akamgonga Profesa begani.

"Ondoka hapo. Umekalia mali yangu."