Kaseti Kumi na Moja za Mama Kimya

Jumatatu, 3 Juni

Habari njema! Kasuku katangaza redioni. Kasuku ni mwimbaji wa bendi ya roki ya mwanangu. Siku hizi watu wanaiita bendi ya Kasuku. Waite watakavyo. Mimi najua ilianzia chumba gani. Chumba changu cha kushonea, waya zikipita chini ya cherehani, nami nikiruka waya na pasi ya moto mkononi.

Kasema wanatafuta maonyesho ya kikosi cha kwanza, yale ambayo watu waliyarekodi wenyewe papo hapo. Watachagua matano mazuri kuliko yote, watoe albamu. Aliye nayo ayapeleke kwa Fundi Sauti.

Aliye nayo! Mimi ninazo kaseti kumi na moja, ndani ya kopo la biskuti, zina namba. Sikukosa onyesho hata moja. Redio kaseti kikapuni, kitambaa juu, na mimi mbele kabisa upande wa kushoto, chini ya spika ya besi. Maana mwanangu ndiye aliyepiga besi. Wenzake walimwita Kimya kwa sababu hakuwa na maneno. Ndiyo mama. Sawa mama. Nimekula mama. Basi. Lakini mpe gitaa la besi! Ukuta unatetemeka.

Mwezi huu anatimiza miaka miwili tangu atutoke. Sina hata kaseti moja yenye sauti yake. Nina vidole vyake tu.

Nimechagua ninazozipenda. Namba mbili, ukumbi wa shule ya ufundi: alipiga vizuri kuliko wote. Namba nne, umeme ulikatika katikati ya wimbo: alipiga vizuri kuliko wote, hata gizani. Namba saba, uwanjani kwenye mvua. Hiyo ndiyo bora. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka siku tatu. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, umesikia, mama? Nikamwambia neno kwa neno, mwanangu. Akanitazama, akatabasamu, akasema sawa mama.

Kesho napeleka zote kumi na moja. Za nini kuwabania watu?

Jumanne, 4 Juni

Fundi Sauti ana chumba kidogo, kuta zote kabandika trei za mayai. Anasema zinazuia mwangwi. Mimi niliona kama niko ndani ya banda la kuku, ila sikusema. Nina adabu zangu.

Akaweka namba mbili. Akakunja uso. Namba nne. Akavua miwani. Namba saba akaisikiliza ameshika kichwa.

Akasema mama, hizi zote ni besi tupu, imejaa kama maji kwenye buti. Na juu ya besi kuna mtu anapiga kelele. Akaniuliza kama namjua.

Nikasema pengine mlevi.

Papo hapo mlevi akapaza sauti ndani ya spika: Mwanangu yule! Yule wa shati la bluu! Na vifungo nimemshonea mwenyewe!

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama trei za mayai.

Kisha akanipa habari mbaya. Mama yake Kasuku naye kaleta zake. Huyu bibi alikuwa akisimama upande wa kulia, chini ya spika ya mwanawe. Kuimba kunasikika safi, ngoma zinasikika, besi haipo. Kwa hiyo wanafikiria kuzitumia za kwake, halafu yule mpigaji wa sasa aipige besi upya juu yake.

Yule mpigaji wa sasa! Mimi namwita Kiraka, kwa kuwa ametiwa palipotoboka. Kiraka apige, halafu waandike kikosi cha kwanza! Mwanangu afutwe kwenye nyimbo zake mwenyewe!

Nimerudi nyumbani kwa miguu, kopo la kaseti kwapani. Nimeshona suruali ya mwalimu mkuu mguu mmoja mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Nina mpango. Kiraka asiweze kupiga.

Nimemwita nimpime shati. Nikamwambia ni zawadi kutoka kwa mama wa bendi. Nitambana mikono mpaka kwenye kiwiko asiweze kukunja. Fundi cherehani mwenye akili hahitaji rungu.

Akaja. Akaniamkia shikamoo mama, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampima, nikapunguza vidole vitatu kila mkono. Akala sahani mbili. Akaniuliza kama ni kweli Kimya alijifunzia kwenye kiti kile pale. Nikasema ndicho. Hakukikalia. Akakaa chini.

Nimelishona shati mchana huohuo akisubiri. Akalivaa. Limembana kama ganda la muhogo. Akajikunja, akajikunjua, akashika gitaa la hewani akapiga. Akasema asante sana mama, ndiyo mtindo wenyewe huu, nilikuwa naona aibu kukuomba.

Kumbe!

Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba ana adabu.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa pili. Huu hauwezi kushindwa.

Fundi kaniambia Mama Kasuku bado hajapeleka kaseti yake ya onyesho la mvua. Ataipeleka Jumatatu. Ikipotea hiyo, watalazimika kuchukua namba saba yangu, besi na mlevi wote pamoja.

Kwenda kwa Mama Kasuku lazima uwe na sababu, kwa kuwa hatusemezani. Chanzo ni vifungo. Niliwashonea kikosi cha kwanza mashati ya bluu, na yeye akadai mwanangu nimemtilia vifungo vinavyong'aa na Kasuku nimemtilia vya koti kuukuu. Maneno yakawa mengi. Ndiyo maana yeye akahamia kulia na mimi nikabaki kushoto.

Sababu nimeipata kabatini. Bakuli lake. Alilileta siku ya msiba. Siku tatu alinioshea vyombo, hakusema neno, na alipoondoka bakuli likabaki. Miaka miwili sijamrudishia. Kila nikilishika naliweka tena.

Leo nimelishika, nimekwenda.

Akafungua mlango, akaliona bakuli, akaniona mimi. Akasema karibu, Mama Kimya. Nusura nisahau nilichofuata. Akaenda kuchemsha chai. Kaseti zake zilizobaki zimepangwa juu ya televisheni, safi, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kujionyesha. Uwanjani, mvua. Nikaitoa kwenye kasha, nikatia yangu ya harusi ya mpwa wangu. Kasha likafungwa kama kawaida. Chai nikainywa ya moto, ikaniunguza ulimi. Akaniuliza mbona nina haraka. Nikasema nimeacha pasi.

Jumatatu, 10 Juni

Nilikaa niuvute ule utepe wote, niufanye uzi. Nikasema kwanza nisikilize walivyomzika mwanangu chini ya sauti ya Kasuku.

Kasuku anaimba, ndiyo, anaimba vizuri, sitamnyima. Ngoma. Mvua juu ya mabati. Besi ya mwanangu iko mbali huko, kama mtu anayesogeza kabati nyumba ya pili. Nilitukana peke yangu.

Halafu wimbo ukaisha, radi ikapiga, na Kasuku akasema kwenye kipaza sauti kwamba leo kuna muujiza, Kimya anataka kusema. Watu wakacheka.

Akasema.

Ni yeye. Kile kikohozi kidogo kabla ya neno la kwanza. Akasema: “Yule anayepiga kelele pale kushoto ni mama yangu. Msimcheke. Bila yeye nisingethubutu kupanda hapa. Wimbo huu nimemtungia yeye. Mama, nyamaza kidogo basi, usikie.”

Na kwa mbali, wakati wote huo, kuna mwanamke anapayuka: Mwanangu yule! Yule wa shati la bluu!

Nikaweka namba saba yangu. Nikatafuta mahali palepale, kwa ule mlio wa radi. Hakuna kitu. Mimi tu. Mimi mwanzo hadi mwisho.

Umesikia, mama?

Neno kwa neno, mwanangu.

Nimekaa kwenye kiti chake. Mteja wa gauni kaja, kabisha hodi, kaondoka.

Jumatano, 12 Juni

Nimekamatwa. Na aliyenikamatisha ni mimi.

Mama Kasuku kapeleka kasha kwa Fundi bila kulifungua. Fundi kaweka kaseti, ikatoka harusi. Vigelegele, bibi harusi anaingia, na mtu anapaza sauti juu ya wote: Gauni lile nimeshona mimi! Fundi akamwambia Mama Kasuku, mlevi ni yuleyule.

Alikuja asubuhi kashika bakuli lilelile. Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri, wa paka aliyeangusha kaseti. Nikafungua mdomo, paka hakutoka. Nikabonyeza redio tu.

Tukasikiliza wote wawili, yeye kasimama bado. Ikafika pale, usikie, nikazima.

Akakaa. Akasema, “Dada yangu, mimi nilidhani ulisikia.” Akasema uwanja mzima ulisikia, watu walilia kwenye mvua. Na msibani alitaka kunikumbusha yale maneno, akaona aibu, akajua ninayo moyoni, akaosha vyombo tu.

Nikamwambia sikuwa na kitu moyoni. Nilikuwa na kelele.

Tulilia. Sitaandika kiasi gani, daftari hili lina vipimo vya wateja kwa mbele.

Alipopangusa macho akasema, na vile vifungo ulifanya makusudi. Nikamwambia hapana, shoga, vilikwisha dukani.

Nilifanya makusudi.

Jumamosi, 15 Juni

Banda la kuku leo lilijaa. Fundi, mimi, Mama Kasuku, Kiraka na shati lake.

Wazo ni la Kiraka, japo mimi nilikuwa karibu kulisema. Kaseti zote mbili ni za onyesho moja. Yangu kutoka kushoto, yake kutoka kulia. Mbona zisichezwe pamoja? Fundi akasema hazitakwenda sawa, redio yangu ilikuwa na betri zilizochoka, inakimbia na kuchechemea. Kiraka akasema atamwonyesha. Akafumba macho, na kila kidole cha mwanangu kilipogusa waya, yeye akagonga meza. Hakukosea hata mara moja, na Fundi akaifuata mipigo hiyo kuilinganisha kaseti yangu na ya kulia. Anazijua zote. Akasema alizikariri kwenye redio kabla hajawa na gitaa, na hataki kuzipiga juu ya Kimya, amekwisha kumkatalia Kasuku mara mbili.

Nami nimembana mikono kijana wa watu! Nimemwambia alilete, nilifungue mishono. Kakataa. Mtindo.

Jioni jua likizama Fundi kafanikiwa. Kwanza Kasuku, halafu ngoma, halafu polepole akapandisha kitufe cha kaseti yangu, na mwanangu akaingia. Akaingia kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Mama Kasuku alinishika mkono akaufinya.

Kelele zangu hazitoki. Fundi anasema ukizitoa unaondoa na besi, vimeshikana. Ila pale Kimya anaposema, atatumia kaseti ya Mama Kasuku peke yake, mimi nibaki mbali.

Nilimwomba anisogeze karibu kidogo tu. Kidogo, pale kwenye vifungo. Kakataa.

Jumamosi, 22 Juni

Leo wameisikilizisha albamu yote ukumbini kwa mara ya kwanza. Onyesho la mvua wameliweka la mwisho, pa heshima. Picha ya mwanangu imetundikwa mbele, na shati lile.

Niliapa nisinene. Niliwaapia Mama Kasuku, Fundi, na binti yangu aliyekuja kwa ajili ya leo. Nikatia pipi mbili mdomoni na leso juu yake. Nikakaa safu ya mbele, kushoto. Kikapu chini ya spika, kitambaa juu, maana huwezi kukosa kurekodi siku kama hii.

Maonyesho manne yakapita, sikufungua mdomo. Binti alinipigapiga paja kama mtoto aliyechanjwa bila kulia. Mvua ikaanza kwenye spika. Wimbo ukaisha. Kasuku akasema leo kuna muujiza.

Na hapo hapo watu wa nyuma wakaanza kunong'ona! Wakati huo huo! Mtu akacheka! Ungefanyaje wewe? Nikasimama. Pipi zikaruka. Nikawaambia nyamazeni! Nyamazeni msikie! Anayesema ni mwanangu! Mwanangu yule! Yule pichani! Mimi ndiye mama anayemtaja, mimi hapa!

Nilipokaa, wimbo ulikuwa umeanza.

Ukumbi mzima ulikuwa unapangusa macho. Mama Kasuku alinitazama, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, sijui analia au anacheka. Kiraka alinipa leso yake.

Njiani binti yangu kanishika mkono. Hakusema kitu hatua nyingi. Amefanana na kaka yake kwa hilo. Halafu akaniuliza, umesikia, mama?

Nikamwambia neno kwa neno, mwanangu.

Akanitazama. Akatabasamu. Akasema sawa mama.

Nimefika, nimeisikiliza. Besi imetoka safi ajabu. Nimeiandika namba kumi na mbili, nimeitia kwenye kopo juu ya nyingine zote. Ndiyo bora kuliko zote.